Vikombe Viwili vya Chai na Pipa la Mchanga

Mimi sikumpiga risasi mume wa mdogo wangu. Aliyempiga ni msimamizi wetu wa zamu, saa mbili asubuhi, jua limeshawaka, ndani ya chumba cha walinzi ambamo watu wanne wakiingia mmoja lazima apumue kwa zamu. Lakini kitabu cha ofisi kinasema ni mimi, na mbele ya maneno hayo kuna alama ya kidole gumba changu. Kidole ni changu kweli. Nilikibonyeza siku mbili kabla bunduki haijalia.

Tangu nianze ukurasa huu nimeshanyanyuka mara tatu kwenda kuangalia komeo la mlango wa nyuma. Najua nimelifunga. Nimekaa mgongo ukutani, mlango mbele yangu, funguo upande wa kulia ambako mkono unafika bila kutafuta. Ndivyo ninavyokaa siku hizi hata nikichambua mboga.

Baba yetu alikuwa na watoto wa kike wawili na wazo moja, kwamba shule ni ya wavulana, ambao hakuwapata. Mimi darasa sikuliona. Mdogo wangu aliliona kwa sababu baba alikufa mapema, nami nikafua nguo za watu mpaka vidole vikakunjamana kama vya mtu aliyeishi majini. Kila sare aliyovaa yule niliipiga pasi mimi. Baadaye niliolewa, nikaachwa, na hilo halina hadithi. Nilipofika miaka thelathini na minne nikasikia kampuni ya ulinzi inatafuta wanawake, nikaenda.

Aliyetufundisha bunduki alikuwa koplo mstaafu, mzee mkavu mwenye sauti ya bati linaloburutwa. Tulikuwa kumi na wanane. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi sikuwa na la kuandika, nikayaweka mwilini. Aliposema kidole kisikae kwenye triga mpaka umeamua kufyatua, nilikinyoosha kidole changu cha shahada ubavuni mwa bunduki, na mpaka leo nikishika hata mwiko kinanyooka chenyewe. Aliposema mtutu usielekee kitu usichotaka kukizika, nilijifunza kuuchukulia mtutu kama mdomo wa mlevi, hujui utatema nini na wakati gani. Na kila bunduki, alisema, ina risasi. Hata ile uliyoitoa risasi wewe mwenyewe dakika moja iliyopita, ukiiweka mezani ukageuka, basi ina risasi tena.

"Kwa uchawi gani, afande?" akauliza kijana mmoja, tukacheka.

"Kwa uchawi wa kusahau," akasema koplo. Hakucheka.

Alitufundisha pia kuingia mahali. Ukiingia chumba chochote, jua pa kutokea, kisha angalia mikono ya watu. Uso, alisema, mtu anaweza kuupanga tangu nyumbani kama anavyopanga nywele. Mikono haipangiki. Nimeyashika hayo kuliko sala.

Siku ya mtihani niliikagua bunduki nikiwa nimefungwa macho kwa kitambaa, na koplo akawaambia wale wenye madaftari, "Mmeona? Huyu hana pa kusoma akisahau, kwa hiyo hasahau."

Lindo langu lilikuwa ghala la vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, mabati. Getini palikuwa na chumba chetu chenye meza moja, saa ya ukutani, birika la umeme, kidirisha cha kuzungumzia na madereva wa malori, na kwenye kona pipa la mafuta lililokatwa nusu na kujazwa mchanga. Bunduki haikulala ghalani. Ililala ofisini, ikaletwa kila asubuhi kwa gari pamoja na za malindo mengine saba. Ikifika, anayeileta anatoa risasi tano na kuzisimamisha juu ya kifuniko cha kopo, moja moja, kama watoto mstarini. Anafungua chemba, tundu risasi inamokaa, anaingiza kidole cha mwisho kupapasa kama kuna kitu. Anauelekeza mtutu mchangani na kubonyeza triga. Kisha anayepokea anarudia yote, mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba hakuona chochote. Hapa hakuna kuaminiana, ndivyo tulivyokuwa tukisema, na tulilisema kwa upendo. Baada ya hapo ndipo unaandika kitabuni kwamba umepokea, umekagua, ni tupu. Wenzangu walitia saini. Mimi nilipaka wino nikabonyeza gumba.

Kwa sababu sikuruhusu mtu aruke hatua hata moja, waliniita Mama Pipa.

"Mama Pipa, na mumeo ulimkagua hivi hivi?" mmoja aliniuliza.

"Ningemkagua asingepita getini," nikamjibu.

Miaka tisa nilikaa lindo lile. Mwaka wa nane mume wa mdogo wangu alipunguzwa kazi kiwandani, mdogo wangu akaja kwangu amevimba macho. Nikamwombea kazi shemeji. Nikasimama mbele ya wakubwa nikasema huyu namjua, mwekeni na mimi getini, nitamfundisha. Wakamweka. Alikuwa mtu mzuri wa kazi, ila mpenda soga. Angeweza kuongea na dereva wa lori mpaka saruji igande.

Kisha tukaletewa msimamizi mpya. Tulimwita Chapchap kwa sababu neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni. Alikuwa na malindo manane ya kuzungukia na simu mbili, na aliona mambo ya pipa ni michezo ya wazee. Akaanza kurahisisha. La kwanza, kila Jumatatu alifungua kitabu na kutuambia tutie saini za wiki nzima, siku zote saba, ili asubuhi nyingine asipoteze muda.

"Mkuu, Alhamisi haijafika," nikamwambia. "Nitajuaje kama bunduki ya Alhamisi ni tupu?"

"Mama Pipa, kwani wewe unasoma? Bonyeza hapo, na hapo, na hapo. Chapchap."

Wenzangu walitia saini wakicheka. Nami nikabonyeza. Nilijiambia kitabu ni kitabu, mimi pipa langu sitaliacha, na kweli sikuliacha. Hilo ndilo kosa langu katika mambo haya yote, nalikubali, na silikubali jingine.

La pili sikulijua mpaka baadaye. Bunduki zilipaswa kusafiri tupu, chemba wazi, risasi kwenye mfuko wake. Asubuhi ya mkasa Chapchap alizijaza zote nane kwa mara ya kwanza pale pale ofisini, ili afike getini akabidhi kama mtu anayegawa mwavuli, kisha simu zake zikamsahaulisha.

Jumatano ile malori yalikuwa sita yamepanga foleni. Shemeji alikuwa kwenye kidirisha, amenipa mgongo, anaandika namba ya lori na kubishana na dereva, injini inanguruma. Mimi nilikuwa nimemimina chai, kikombe chake mkono wa kushoto, changu mkono wa kulia, nampelekea. Chapchap akaingia, simu kaibana kati ya sikio na bega, bunduki mkono mmoja.

"Pokea, pokea," akasema.

"Pipani kwanza, mkuu. Ngoja niweke vikombe."

"Hii tupu. Nimeitoa ofisini sasa hivi."

"Pipani, mkuu."

"Wewe mwanamke una ugonjwa! Tupu, nimekwambia. Ona!"

Na ili nione, akabonyeza triga.

Sauti ya bunduki chumbani si sauti, ni kofi. Saruji ya sakafuni ilipasuka, na vipande vya risasi na vya sakafu vikaingia pamoja kwenye mguu wa shemeji, chini ya goti. Vikombe viliniruka mikononi. Shemeji alianguka, akasema "Jamani," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekanyagwa sokoni, kisha akazimia. Nikavua mtandio wangu nikaufunga juu ya goti, nikakaza. Bunduki ilikuwa sakafuni. Nilipoinua macho Chapchap alikuwa bado kashika simu, na simu bado inaongea.

Akachutama karibu yangu. "Mama, tulia. Usiseme chochote mpaka niongee na wakubwa. Nitayasawazisha. Nakuahidi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama bila pipa. Nikanyamaza siku mbili.

Siku hizo mbili alizitumia vizuri. Shemeji alipozinduka hospitalini aliyekuwa kando ya kitanda ni Chapchap, na machungwa. Akamweleza kwamba shemeji yake, mimi, niliipokea bunduki, nikaichezea. Polisi walikuja ghalani wakapima sakafu kwa utepe, wakaandika ajali. Ajali haina mwenyewe, ila kampuni ilitaka mwenyewe, kitabu kikafunguliwa, na kwenye mstari wa Jumatano kikakutwa kidole changu kikisema nimepokea, nimekagua, ni tupu. Niliwaambia kilibonyezwa Jumatatu. Wenzangu waliotia saini kama mimi waliangalia viatu vyao. Nikavua sare siku hiyo hiyo.

Hospitalini sikuvuka mlango wa wodi. Mdogo wangu alinizuia kwenye korido, mikono kiunoni, manesi wanatuangalia.

"Umefuata nini? Kuhakikisha kama amekufa?"

"Nisikilize kwanza. Siku ile mimi nilikuwa nimeshika..."

"Nimeshasikia ulichoshika! Bunduki, bunduki, maisha yako yote bunduki! Umemlemaza mume wangu kwa sifa zako, halafu unakuja hapa na mdomo!"

"Mdogo wangu..."

"Usiniite mdogo wako."

Ndivyo ilivyokuwa kila nilipojaribu. Nilianza maneno, nikakatwa. Sikuwahi hata mara moja kufika kwenye vikombe.

Naishi nyumba tatu kutoka kwao. Kwa miaka miwili nilisikia fimbo ya shemeji ikigonga njiani, tok, kimya, tok, nami nikasogea kutoka dirishani. Mtaani waliniita Mama Risasi. Mwanamke mmoja aliwavuta watoto wake kando nilipopita na kapu la nyanya. Usingizi ukawa wa vipande. Nikaanza kukagua vitu visivyo bunduki. Jiko, nimezima, narudi kupapasa. Komeo. Tena komeo. Aliyebaki kuja kwangu ni binti yao mkubwa, anayejifunza ususi, aliyekuwa akipitia uani ili mama yake asimwone.

"Mama mkubwa," aliniambia siku moja, "kama tatizo ni kidole, si ujifunze kuandika?"

Akanifundisha mezani kwangu, kwa kalamu ya nyusi mwanzoni kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mkobani. Neno la kwanza nililotaka kuliandika lilikuwa "tupu". Nikiwa na miaka arobaini na tano nilijua kuliandika neno lililonifukuzisha kazi.

Sasa nije kwenye Jumapili.

Shemeji, baada ya mguu ule, aliogopa wezi. Mtu asiyeweza kukimbia husikia nyayo kila mahali. Nyumba mbili mtaani zilivunjwa, naye akaomba kibali, akapata, akanunua bastola. Nilijua kwa binti. Nikamuuliza, inakaa wapi? Juu ya friji, akasema, nyuma ya mkate. Ina kufuli? Haina. Risasi ziko kando? Zimo. Nilikaa wiki nzima nikitembea chumbani kama kuku anayetaka kutaga. Ningekwenda kusema nini, mimi, Mama Risasi?

Jumapili hiyo saa tisa mchana mdogo wangu alisukuma mlango wangu bila hodi. Hakuwa na viatu.

"Dada," akasema. Miaka miwili sikuwa nimelisikia. "Dada, njoo. Ameiacha mezani, imeshakokiwa, hatujui kuigusa. Karibu ampige mtoto."

Njiani akanieleza kwa pumzi mbili. Binti alikuta mlango wa mbele umefungwa, akazunguka nyuma, akawa anatikisa kitasa cha jikoni. Baba yake aliyekuwa amesinzia akasikia mtu kwenye kitasa. Hakuuliza nani. Alichukua bastola, akaikoki, akailenga kwenye mbao za mlango na kubonyeza triga kwa nguvu zake zote. Haikulia, kwa sababu hakukumbuka kushusha swichi ya usalama. Ndipo sauti ya nje ikasema, "Baba, mbona mmejifungia mchana?"

Nilipoingia sikuangalia uso wa mtu. Nikaangalia mikono. Ya shemeji ilikuwa kichwani, amekaa sakafuni chini ya sinki. Ya binti ilikuwa mdomoni. Bastola ilikuwa juu ya meza, mdomo wake umeelekea sebuleni walikokuwa wadogo wawili wamekaa mbele ya televisheni.

"Watoto watoke mlango wa mbele, sasa hivi," nikasema. "Na wewe, binti, niletee ndoo ya mchanga. Ule uliobaki wa kujengea bafu."

Binti akaleta. Niliizunguka meza nikaijia bastola kwa ubavu. Koplo alitufundisha bastola siku moja tu, lakini siku hiyo niliiweka mwilini pia. Niliishika, kidole kikanyooka chenyewe ubavuni, nikaugeuzia mtutu ndooni. Nikatoa magazini, kile kikasha cha risasi, ina saba.

"Imeisha," akasema shemeji kutoka sakafuni. Neno lake la kwanza kwangu kwa miaka miwili.

"Haijaisha."

Nikavuta sehemu ya juu, na ile ya nane, iliyokuwa imekaa kwenye chemba kimya ikisubiri mtu mwenye haraka, ikaruka na kubingirika chini ya friji. Mdogo wangu akashika ukuta. Nikaingiza kidole cha mwisho, nikapapasa, nikauelekeza mtutu mchangani, nikashusha swichi ya usalama na kubonyeza. Tik. Nikazisimamisha risasi mezani, nane, moja moja. Kisha nikaiweka ile bastola na kurudi nyuma.

"Inuka," nikamwambia. "Sasa wewe. Yote, tangu mwanzo."

"Shemeji, si umeshaikagua..."

"Hapa hakuna kuaminiana."

Akainuka, akafanya. Nikamsema wakati anafanya, wala sikuchagua maneno. Nikamwambia kitasa kikitikiswa mchana mtu huuliza nani, na asipojibiwa huwakusanya watoto chumba kimoja, hufunga, hupiga simu. Kwamba mbao za mlango si ukuta, na nyuma ya mlango kuna uani na nyuma ya uani kuna jirani anafua. Kwamba chuma kile kikae kwenye sanduku lenye kufuli na risasi zikae kwingine, na kama hawezi hivyo, badala yake anunue taa ya uani na mbwa. Aliinama kuokota ile ya chini ya friji. Shati lilimshuka, nikaiona shingo yake kwa nyuma. Palikuwa na kovu jepesi, limechirizika kuelekea begani.

"Hilo umelipata wapi?"

"La siku ile," akasema bila kugeuka. "Moto wa baruti. Msimamizi alinieleza."

"Baruti ilikuwa sakafuni, shemeji. Mguuni. Itakuunguzaje shingo?"

Akaipapasa shingo.

"Hilo ni la chai," nikasema. "Kikombe chako kilikuwa mkono huu, changu mkono huu. Nilikuwa nakuletea. Bunduki ilipolia vikombe vilinitoka vikakumwagikia. Sasa niambie, niliishika bunduki kwa mkono wa ngapi?"

Kisha mdogo wangu, aliyekuwa bado ameshika ukuta, akasema polepole, kana kwamba anajiambia mwenyewe:

"Sisimizi."

"Sisimizi gani?" akauliza mumewe.

"Lile shati lako walinipa hospitalini kwenye mfuko. Nilipolitoa kesho yake nyumbani kola ilikuwa inanata, imejaa sisimizi. Nikasema damu gani hii ina sukari. Nikalifua." Akaniangalia. "Dada, nililifua."

Shemeji akakaa kwenye kiti, akaweka risasi ya nane mezani na wenzake. "Dereva alikuwa ananiambia nisogee," akasema. "Nikasikia moto shingoni kwanza. Mguu ulikuja baadaye. Nilikuwa nashangaa siku zote kwa nini shingo ilitangulia."

Mdogo wangu alilia, nami nikamwacha alie. Sikumkumbatia. Watu husema mambo huisha kwa kukumbatiana. Nilienda kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa.

Hiyo imepita miezi minne. Mdogo wangu anakuja kila jioni na bakuli la kitu, anakaa, hajui pa kuweka mikono. Bastola iko kwenye sanduku, funguo ziko kwake, na uani kuna taa. Shemeji alikwenda ofisini na fimbo yake. Siku hizi wamempa kiti mapokezi, kazi ya kuandika wageni. Alirudi akaniambia amezungumza na Chapchap faragha, na Chapchap amesema kitabu kimeshasema.

"Faragha?" nikamuuliza.

"Shemeji, unajua hali yangu. Wakiniondoa pale nitakwenda wapi na mguu huu?"

Namjua. Mimi ndiye niliyemwingiza.

Chapchap amepanda cheo. Koplo alifariki, na anayefundisha walinzi wapya bunduki sasa ni yeye. Nasikia mafunzo yamepunguzwa kutoka wiki mbili hadi siku tatu.

Basi ninachodai ni hiki. Chapchap asimame mbele ya walinzi wote, wale wa zamani walioangalia viatu na hawa wapya anaowaharibu, kitabu kikiwa wazi kwenye mstari wa Jumatano ile, aseme, "Bunduki ilikuwa mkononi mwangu, nilibonyeza mimi, na kidole hiki kilitiwa Jumatatu." Na mume wa mdogo wangu asimame kando yake, afunue kola, awaonyeshe shingo. Asiseme faragha. Mguu wake niliufunga kwa mtandio wangu hadharani.

Nimeandika mwenyewe, kwa kalamu. Sikubonyeza kidole.